Kichocheo kilekile, punje kubwa, matokeo yameporomoka. Tupandishe joto?

Punje_6mm:
Wakuu, naomba ushauri. Tuna kichocheo cha mmenyuko wa gesi wa oda ya kwanza (kasi yake inafuata kiasi cha gesi kilichopo). Kikisagwa hadi 0.3 mm, asilimia 90 ya malighafi inabadilika. Kwenye riakta tumepakia punje za mviringo za 6 mm, uzito uleule, mtiririko uleule, joto lilelile, na hatufiki hata 40. Nishati ya uamilisho, yaani kipimo cha jinsi kasi inavyopanda na joto, nayo imeshuka kutoka 100 hadi 54 kJ/mol. Msimamizi anataka tupandishe joto. Mimi sina amani na hilo.

Mkemia_Mkongwe:
Mkuu, jibu umeshaliandika: 54 ni karibu nusu ya 100. Hiyo ndiyo alama ya usambaaji wa ndani: gesi inapenya ndani ya punje polepole kuliko inavyomenyuka. Gesi inaliwa karibu na uso wa punje, kiini kinabaki bila kazi. Kama tatizo lingekuwa kwenye utando wa gesi unaoizunguka punje, namba hiyo ingeanguka chini zaidi. Ila jiridhishe: ongeza mtiririko na uzito wa kichocheo kwa uwiano mmoja. Matokeo yasipobadilika, achana na utando.
Tupe k (namba ya kasi ya mmenyuko) na usambaaji wa gesi ndani ya vinyweleo, vile vitundu vidogo vya punje.

Punje_6mm:
k ni 20 kwa sekunde, kwa ujazo wa punje. Usambaaji 10⁻⁶ m²/s.

Mkemia_Mkongwe:
Sasa piga moduli ya Thiele, namba inayolinganisha kasi ya mmenyuko na ya usambaaji. Gawanya k kwa usambaaji, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa theluthi ya nusukipenyo. Unapata 4.5 hivi, na ufanisi wa punje ni 0.21. Yaani punje nzima inafanya kazi ya sehemu yake ya tano! Unga wako una moduli 0.22 na ufanisi 0.97, ndiyo maana maabara haikukuonyesha kitu.
Ukipandisha joto, k inaruka lakini usambaaji unasogea kidogo mno. Kiini kitazidi kukosa gesi, na faida utakayoipata ni kwa kipeuo cha pili cha k tu.

Bomba_Kuu:
Si apakie za 3 mm tu?

Mkemia_Mkongwe:
Ufanisi utapanda hadi 0.38, sawa. Lakini upotevu wa presha utakuwa mara 2 mtiririko ukiwa wa msukosuko, na hadi mara 4 ukiwa tulivu. Mimi ningebadili umbo kwanza: pete, au punje zenye migongo mitatu. Gesi inapata njia fupi ya kuingia ndani na tabaka la punje halizibi.

Dada_Vinyweleo:
Punje_6mm, bidhaa mnayoitaka inaweza kuendelea kumenyuka?

Punje_6mm:
Ndiyo dada, ikikaa inageuka taka.

Dada_Vinyweleo:
Basi joto msiliguse kabisa. Bidhaa inayozaliwa ndani ya punje inaharibika kabla haijatoka. Ombeni punje zenye metali (sehemu inayochochea mmenyuko) kwenye ganda la nje tu. Kwa namba zako, ganda la 0.3 mm litakupa zaidi ya asilimia 80 ya kasi ya sasa kwa robo hivi ya metali, na bidhaa ina safari fupi ya kutoka.