Umma Party ya Babu: mbona haimo kwenye matokeo ya 1963?

Mkomani, Lamu
Assalaam alaykum. Kwenye jedwali la uchaguzi wa Zanzibar wa Julai 1963 naona ASP (Afro-Shirazi Party), Hizbu (ZNP, Zanzibar Nationalist Party) na ZPPP (Zanzibar and Pemba People's Party) tu. Umma Party ya Abdulrahman Babu iko wapi? Na huku kwetu, tulipokuwa chini ya bendera ya Sultani, ilifika? Ni kwa somo la kidato cha tatu.

Baharia wa Shela
Waalaykum salaam mwalimu. Haimo kwa kuwa haikusimamisha wagombea. Babu alikuwa katibu mkuu wa Hizbu. Akajitoa kura zikiwa mlangoni, baada ya kuvutana na wakubwa wa chama juu ya nani asimamishwe. Aliondoka na vijana na watu wa vyama vya wafanyakazi.

Jedwali lisomeshe polepole. ASP ilipata asilimia 54 hivi ya kura, lakini viti 13 kati ya 31. Hizbu 12, ZPPP 6: jumla 18, wakaunda serikali. Kura za ASP zilirundikana kwenye majimbo iliyoshinda kwa kishindo, na hapo kura ya ziada haiongezi kiti. Asiyeielewa hesabu hiyo hataelewa hasira iliyofuata.

Malindi Kwetu
Nyongeza: wanafunzi wakiandika kuwa Umma ndiyo iliyoanzisha mapinduzi, wasahihishe. Serikali ya Waziri Mkuu Mohammed Shamte iliipiga marufuku mwanzoni mwa Januari 1964, na usiku wa kuamkia tarehe 12, mapinduzi yalipoanza, Babu alikuwa Dar es Salaam. Makomredi (wafuasi wa Umma) waliobaki Unguja waliingia mambo yameshaanza. Babu akapewa wizara ya mambo ya nje. Machi, Umma ikajivunja ndani ya ASP; haikutimiza hata mwaka.

Uzito wake uko kwenye fikra. Siasa za Unguja zilikuwa Mwarabu, Mshirazi, Mwafrika. Umma ikaja na tabaka: mpagazi wa bandarini na mchuma karafuu wana dai moja, babu zao watoke watokako. Hilo lisipite kwa haraka darasani.

Baharia wa Shela
Na la Lamu: Umma ilikuwa ya Unguja na Pemba. Mwambao, yaani ukanda wa pwani ya Kenya uliokuwa wa Sultani, ulikuwa na mjadala wake, uliofungwa na mkataba wa 8 Oktoba 1963, Kenyatta na Shamte wakiwa miongoni mwa waliotia saini. Zanzibar ikapata uhuru 10 Desemba, sisi tukaingia Kenya huru tarehe 12. Tarehe hizo mbili ndizo zinazochanganywa sana kwenye mitihani.