Kisa cha Nabii Yusuf kwa manga: mtoto kakosea au sisi ndio hatujatazama vizuri?

Assalam alaykum, na salamu kwa ndugu zetu Wakristo pia maana hili lawahusu. Juzi mtoto wa dadangu, ana miaka 12, twakaa Kibokoni, karudishwa nyumbani kutoka chuoni, yaani madrasa, kwa sababu ya daftari. Kachora kisa cha Nabii Yusuf kwa mtindo wa manga, ile michoro ya Kijapani, ustadh kaliona kalichukua. Jioni barazani mzee wetu mmoja akasema hizo katuni zaingiza shirki, yaani kumshirikisha Mungu, majumbani, kijana mwengine akamjibu mbona wenzetu wa kanisani wana Biblia ya manga, yule mchoraji wa Uingereza mwenye asili ya Nigeria, anaitwa Siku, aliitoa 2007, na imani zao ziko pale pale. Wakabishana mpaka adhana ya isha.

Sasa mimi nililiona lile daftari kabla halijachukuliwa na wallahi hakuna Nabii Yusuf hata ukurasa mmoja. Kuna kanzu. Mtoto kafuata kanzu tu, kwanza ile ndugu zake waliyoipaka damu ya uongo wakampelekea baba yao, kisha ile iliyoraruliwa kwa nyuma ikawa ushahidi kwamba hana makosa, halafu ile aliyowekewa Nabii Yaaqub usoni akaona tena. Mara tatu, na zote zimo ndani ya sura, mimi nimesoma Surat Yusuf tangu mdogo na sikuwahi kuliunganisha hilo mpaka nilipooneshwa na mtoto. Alafu kalipanga kulia kwenda kushoto, Wajapani ndivyo wanavyosoma na mtoto wa chuo hilo hasumbuki nalo, ashazoea msahafu.

Kwa hivyo Mitume wasichorwe, hapo niko na wazee na sibishani. Kuchora viumbe vyengine wanachuoni wamekhitalifiana, kila mtu amfuate sheikh wake.

Kinachonitia wasiwasi mimi ni nyongeza. Osamu Tezuka, mchoraji wa manga wa Kijapani, alichora maisha ya Buddha kuanzia 1972 hadi 1983, kazi kubwa na nzuri, lakini ndani kuna watu aliowabuni mwenyewe kama Tatta, wako bega kwa bega na wale wa kwenye masimulizi ya dini. Mtu mzima atatafuta ajue kipi ni kipi. Mtoto je? Ataamini yote, na sura aliyoiona ikiwa imechorwa haimtoki kichwani.

Najua mtaniambia hata tenzi zetu zimeongeza, na ni kweli. Utendi wa Tambuka, 1728, wasimulia msafara wa Mtume kwenda Tabuk, una beti zaidi ya elfu na mapigano makali na jeshi la Herekali, mfalme wa Rumi, na huko Tabuk kwenyewe hapakupiganwa. Lakini utendi ulikuwa ukisomwa kwa sauti watu wamekaa, mtoto akiuliza bibi hili lilitokea kweli, bibi yupo amjibu. Manga mtoto asoma peke yake kwenye simu usiku, nani atamjibu? Hapo ndipo ningetaka masheikh na wachungaji watie nguvu, wakae na hawa wachoraji wetu wadogo, wawaambie hili limo kwenye kitabu na hili umelitia wewe, lifute. Kumnyang'anya mtoto daftari hakumfundishi hilo, na atakwenda kusoma yaliyochorwa na watu wasioijua dini yake kabisa.

Kesho baada ya alasiri nakwenda na dadangu kwa ustadh, kwa adabu, ni mwalimu wangu pia. Nitamuomba alifungue tu ule ukurasa wa kanzu ya tatu. Nyinyi mwasemaje, na kama kuna ustadh au mwalimu wa Sunday school humu ashawahi kuwachoresha watoto visa, aniambie aliwawekea mpaka wapi.