Pawa saplai ya wati 290, kadi ya RX 580: ninunue ya wati ngapi?

KameraYaMoro

Wakuu habari za jioni.

Mimi nahariri video za harusi na vipaimara hapa Morogoro. Mashine yangu ni Dell OptiPlex 9020, ile tower kubwa, niliinunua ikiwa imeshatumika. Ina i7-4770, RAM GB 16, SSD moja na diski ya kuzunguka ya TB 1. Haijawahi kunisumbua, ila kurenda (kuitoa video iliyokamilika) harusi ya saa tatu naiacha usiku kucha na asubuhi naikuta bado inahema.

Jamaa yangu kaacha magemu, amepata mtoto. Ananiuzia kadi ya picha, RX 580 ya GB 8, kwa bei ya kishkaji. Nimefungua kava nikaona pawa saplai, lile boksi linalogawa umeme ndani ya mashine, imeandikwa 290W. Wiki jana nilikuwa Dar, nikapita maduka matatu Kariakoo na kutoka na majibu matatu. Wa kwanza: chukua ya wati 1000, chini ya hapo utaunguza kila kitu. Wa pili: hiyo hiyo uliyonayo inatosha, kuna kawaya ka adapta nitakupa. Wa tatu hakusema mengi, alinipa mkononi ya wati 600, nyepesi kama mkate wa jana, bei nusu ya zile nyingine.

Sikununua yoyote. Ni wati ngapi hasa? Na nikiweka ya 750, Luku itakimbia kuliko na hii ya 290? Shemeji yenu ndiye mnunuzi wa umeme na ameshauliza.

chidi_kompyuta

Weka 650 ufunge mjadala. Umeme itakula zaidi kidogo, hilo huwezi kulikwepa.

BenchiLaKirumba

Chidi, hapo kwenye umeme umempotosha. Namba ya kwenye stika ni mwisho wa uwezo wa kutoa, siyo inachovuta muda wote. Ukinunua simtanki la lita elfu mbili, watoto hawaanzi kunywa maji mara mbili. Mashine ikitaka wati 60 wakati unaandika barua, ya 290 itatoa 60 na ya 750 itatoa 60.

Tofauti iko kwenye kinachopotea njiani kama joto. Tuseme unarenda na vifaa vinataka wati 300. Pawa saplai yenye ufanisi wa asilimia 85, ambayo ndiyo kazi ya kawaida ya zile zenye alama ya 80 Plus Bronze, itavuta ukutani kama 353. Ya ovyo yenye asilimia 70 itavuta karibu 430. Kwa saa nne, ya kwanza imekula uniti 1.4 na ya pili 1.7. Kwa hiyo mwambie shemeji yetu aogope ya bei rahisi, asiogope ya namba kubwa.

Sasa tuhesabu ya kwako. Intel wameiandikia i7-4770 wati 84. AMD wameiandikia RX 580 wati 185. Bodi, RAM, SSD, diski na feni huwa navikadiria 50. Jumla 319. Umeshaipita 290, na hapo kadi haijaruka. Hizi kadi huruka: kufumba na kufumbua inavuta zaidi ya ilivyoandikiwa, kisha inatulia. Pawa saplai dhaifu ikikutana na mruko huo inazima mashine papo hapo, na wewe utadhani ni virusi.

Mimi sipendi pawa saplai ifanye kazi juu ya asilimia 70 ya uwezo wake, kwa joto letu na vumbi letu. 319 ukigawa kwa 0.7 unapata 456. Kwa hiyo ya 500 iliyo nzuri inatosha, ya 550 unalala usingizi. Ya 1000 ni kufunga injini ya Fuso kwenye bajaji.

Ila namba kubwa ya mbele ya boksi mimi huiangalia mwisho. Geuza upande wenye jedwali, tafuta mstari wa +12V, maana prosesa na kadi vyote vinakula hapo. Zidisha ampea kwa 12. Ya wati 550 ya kweli utakuta ampea arobaini na kitu. Mwaka juzi mteja aliniletea ya "wati 600" iliyoungua, jina la mtengenezaji hata sikuwahi kulisikia. Kwenye stika: +12V, ampea 16. Zidisha mwenyewe: 192. Wati nyingine zote zilikuwa kwenye rangi ya boksi. Ndani, vile vibati vya kupozea vilikuwa vyembamba kama kifuniko cha kopo la samaki, na mahali pa koili za kuchuja umeme walikuwa wameunganisha vipande vya waya tu. Ilipokufa haikufa peke yake. Iliondoka na mazabodi na SSD iliyokuwa na picha za msiba wa baba yake. Picha hizo sikuweza kuzirudisha, na yule kaka alikaa kwenye kiti changu muda mrefu bila kusema kitu.

Hiyo ya Kariakoo, nyepesi kama mkate, naona ni ndugu yake.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna aliyekuambia: nyaya. Bodi ya 9020 haina tundu la pini 24. Inapokea plagi ya pini 8 ya Dell wenyewe, pamoja na zile pini 4 za prosesa. Pawa saplai ya dukani inakuja na 24. Utahitaji waya wa kubadilisha 24 kwenda 8, uliotengenezwa kwa ajili ya OptiPlex ya aina yako. Kwenye pawa saplai mpya utaona pia plagi ya pini 8 ya prosesa. USIICHOMEKE hapo kwa sababu tu pini zinalingana idadi, mpangilio wa volti ni mwingine kabisa.

KameraYaMoro

Asante sana mkuu, umenifungua macho. Na kale kawaya ka adapta ka yule wa pili? Anasema kanachomekwa kwenye plagi ya diski kisha kwenye kadi. Halafu mkuu, nisipokuwa na hela ya pawa saplai kwa sasa, hakuna njia?

BenchiLaKirumba

Mkuu ni dada, lakini haina shida, nimezoea.

Kawaya hako mwachie mwenyewe. Plagi ya SATA, hiyo ya diski, imetengenezwa kupitisha ampea 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54. Tundu la pini 8 la kadi linaruhusiwa kuvuta hadi 150. Plastiki itayeyuka, na itayeyuka usiku ukiwa umelala unarenda. RX 580 nyingi zina tundu la pini 8, nyingine zina la 8 na la 6. Angalia ya rafiki yako kabla hujaenda dukani, kisha hakikisha pawa saplai unayonunua inatoka na nyaya hizo yenyewe.

Njia bila kubadilisha ipo: kadi isiyo na tundu lolote la umeme, inayokula kwenye sloti ya bodi inakochomekwa tu. Sloti inatoa hadi wati 75. GTX 1050 Ti ni wati 75, na GTX 1650 vilevile, ila za 1650 kuna zilizowekewa tundu la pini 6, usizichukue hizo. Hesabu: 84 jumlisha 75 jumlisha 50 ni 209. Hiyo 290 yako itabeba. Utapata kumbukumbu ya GB 4 badala ya 8, na kwa video za 4K utaiona tofauti. Kwa HD ya kawaida mbona unakula maisha.

mzee_wa_njiro

Naongezea moja kwa wanaonunua pawa saplai zilizotumika. Kuna za zamani zenye swichi ndogo nyekundu nyuma, 115 na 230. Kompyuta zikitoka Marekani huja swichi ikiwa kwenye 115, maana umeme wao wa nyumbani ni volti 120. Sisi ni 230. Shule moja huku ilipokea shehena ya msaada, mwalimu akachomeka kumi kwa mpigo ili wanafunzi waone maajabu. Waliyaona. Mlio kama wa fataki, moshi, watoto wakatoka kwa madirisha. Tulizopona nazo ni zile ambazo waya haukufika kwenye soketi.

chidi_kompyuta

Dada wa Kirumba nimekubali, kwenye umeme nilikuwa nafuata mazoea. Ila 650 yangu bado naitetea, kesho akitaka kadi kubwa zaidi hanunui tena.

BenchiLaKirumba

Hapo sikupingi, Chidi. Tofauti ya bei ikiwa ndogo na jedwali likiwa safi, achukue tu 650.

KameraYaMoro

Mrejesho wakuu, na dada.

Kadi ya jamaa ina tundu moja la pini 8. Nimechukua pawa saplai ya 550 yenye alama ya Bronze, +12V ampea 43, nikazidisha mbele ya muuzaji nikapata 516, akaniuliza nasomea wapi. Waya wa 24 kwenda 8 umenisumbua kuupata kuliko pawa saplai yenyewe, umekuja na basi kutoka Dar ndani ya bahasha. Skrubu nne za nyuma zimeingia bila ubishi. Imewaka mara ya kwanza. Harusi ya Jumamosi ambayo ingekula usiku mzima imemalizika kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili.

Tatizo jipya: UPS inapiga kelele kila nikianza kurenda. Ni ya 650, nilidhani inabeba mashine ya 319 mara mbili.

BenchiLaKirumba

Hiyo 650 ni VA, kipimo kingine, siyo wati; wati zake ni chache zaidi. Geuza nyuma, soma maandishi madogo.

KameraYaMoro

Nimegeuza. 360W.

BenchiLaKirumba

Basi ndiyo hiyo. 319 za ndani ya mashine, ukiongeza zinazopotea, ukutani inakuwa kama 375 siku kadi na prosesa vikikimbia pamoja. Ni nadra kufika huko, lakini huna nafasi ya kitu kingine. Umechomeka nini tena kwenye hiyo UPS?

KameraYaMoro

Monita mbili, spika, ruta... na pasi. Shemeji yenu anasema tundu la ukutani liko mbali.