Wanafunzi Wachina na "sana" kila sentensi: nifanyeje?

Ticha_Sinza: Wakuu, nafundisha Wachina Kiswahili hapa Dar. Kila sifa wanaibandika "sana", na wengine huitanguliza kabisa: "nyumba sana kubwa". Nawatoaje hapo? Na "kinoma", ile "sana" ya mtaani, niwape sasa au nisubiri?

Mdau_wa_Lugha: Mkuu, chanzo ni "hěn" ya Kichina. Hukaa kabla ya sifa, na mara nyingi haiongezi nguvu yoyote, inaunganisha tu mtajwa na sifa yake. Kwao "yeye hěn mrefu" ni "yeye ni mrefu", basi. Wape sentensi kumi zenye "sana" waifute kila pale "ni" peke yake inatosha.

Kisha ingiza viigizi, yaani maneno ya kukoleza sifa au tendo: nyeupe pee, nyeusi tii, kulowa chapachapa, kujaa pomoni, kulala fofofo. Kila kimoja kina mwenzake. "Nyeupe tii" hakuna. Havifuati ngeli (gari jeusi tii, viatu vyeusi tii), na "sana" haiongezwi nyuma yake. Hapa hawasumbuki, maana Kichina kina "hēiqīqī", weusi wa namna hiyohiyo.

Mzee_wa_Temeke: "Kinoma" na "kichizi" wape, ila zikae mwisho: "nimechoka kinoma". Kwa marika tu. "Kishenzi" waielewe, wasiitumie. Mwambie mama mwenye nyumba pilau yake "tamu kishenzi" uone kama hujahama.

Ticha_Sinza: Na "ile mbaya"?

Mzee_wa_Temeke: Hufuata kitenzi: "wamecheza ile mbaya". Hapo ni kusifu, yaani wamecheza vizuri sana. Mgeni husikia lawama, kwa hiyo mpe mifano ya mpira kwanza.