Kuuza mapishi ya Waswahili: je, nimepora utamaduni wa watu?

Muulizaji, Nakuru
Ndugu zangu, naomba maoni. Nilikaa Mombasa miaka sita, na jirani yangu, bibi wa Mji wa Kale, akanifundisha mkate wa kumimina: mchele unaolowekwa usiku kucha, ukasagwa kwa tui zito, iliki na hamira, kisha ukamiminwa sufuriani na kutiwa makaa chini na juu ya mfuniko. Sasa nauza kijitabu cha mapishi hayo kwa shilingi 500, na mnunuzi mmoja ameniandikia kwamba mimi, nisiye Mswahili, nimepora utamaduni wa watu. Je, ana haki?

Mzaliwa wa Mombasa
Kuuza si kosa. Biriani tuliipokea kutoka Bara Hindi na halua kutoka Omani, na sijasikia aliyekuja kutudai. Kinachoniudhi ni kukuta mkate wetu umeandikwa "keki ya wali ya Kiafrika", kana kwamba hauna kwao.

Msomaji wa sheria
Tusichanganye sheria na adabu. Kwa kawaida orodha ya viungo na vipimo haina hakimiliki; kinacholindwa ni maelezo na picha zako. Ni kweli kwamba Kenya ilitunga mwaka 2016 sheria ya kulinda maarifa ya jadi, inayotaka jamii husika iridhie na inufaike maarifa yake yanapotumiwa kibiashara, lakini kuivuta hadi kwenye chakula kinachopikwa pwani nzima naona ni kuzidisha. Hatari ninayoiogopa mimi ni mtu kusajili jina la chakula liwe alama yake ya biashara, kama kampuni moja ya Uingereza ilivyojaribu kulifanyia neno kikoi, hadi Wakenya wakapinga. Kijitabu hakimfungii mtu jiko lake.

Mama wa Kisauni
Mwanangu, bibi mwenyewe umemwambia? Isijekuwa naye anauza vipande vya mkate huo jioni za Ramadhani, na wewe umewapa wateja wake siri yake.

Muulizaji, Nakuru
Shikamoo, mama. Sijamwambia. Anauza, tena mlangoni kwake, na ile hila ya kuupiga ute wa mayai peke yake na kuuchanganya mwishoni ni yake, sikuikuta kwingine. Dibajini nilimwita "mama mmoja wa Mombasa" tu. Leo jioni nitampigia mjukuu wake simu, nizungumze na bibi kuhusu jina lake na fungu lake, na asipotaka ile hila iwemo, ukurasa huo nitautoa.