Naomba ushauri: babu ni White Sox, mjukuu ni Cubs

Habari zenu ndugu. Tunaishi Chicago, jiji lenye timu mbili za besiboli, White Sox na Cubs. Sisi tuko upande wa kusini, kwenye ngome ya White Sox. Mwanangu wa miaka 10 anasoma kaskazini, karibu na Wrigley Field, uwanja wa Cubs, na amekuwa Cubs damu. Juzi baba mkwe kamvua kofia ya bluu ya Cubs mezani, mtoto akalia. Mzee anajivunia ubingwa wa 2005, uliokuja baada ya miaka 88. Mtoto anamjibu kwa ule wa 2016, Cubs walipokata kiu ya miaka 108. Utani wa Simba na Yanga nimekulia humo, lakini hawa sasa hawasalimiani. Wiki ijayo timu zinakutana. Niwapeleke wote uwanjani, au nimwache mzee nyumbani? Naumia sana.