Tupeane uzoefu: mwanamke wa makamo anayekwenda Umra peke yake

Mama Kiungani
Assalaam alaykum, dada zangu na mama zangu. Tangu 2022 Saudia haimlazimishi mwanamke awe na maharimu (mume, au ndugu wa kiume asiyeweza kumwoa) ili apate viza ya Umra. Upande wa sheria ya dini, kila mmoja amuulize shekhe wake kabla hajalipa nauli, maana kauli za wanazuoni si moja. Hapa tuzungumze safari yenyewe kwa mwanamke aliyevuka 45, asiye na wa kumshikia begi. Habari za machozi mbele ya Kaaba tunazo za kutosha. Wekeni yale ambayo mtu atayaandika kwenye daftari akaenda nayo.

Naanza na sindano. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo, ile iliyoandikwa ACWY, ni ya lazima, na ichomwe si chini ya siku 10 kabla ya kuingia. Cheti cha homa ya manjano nacho huanza kufanya kazi siku ya 10 baada ya kuchanjwa. Mwenye kadi ya zamani asichanjwe tena: tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, hata kama kadi imeandikwa miaka 10. Aliyevuka 60 na hajawahi kuchanjwa manjano asikimbilie sindano. Madhara yake makubwa ni nadra, lakini umri huo ndio huathirika zaidi. Aonane na daktari kwanza. Ikionekana haimfai, ataandikiwa msamaha wenye sahihi na muhuri, atembee nao pamoja na pasipoti.

Binti Kisauni
Niseme lile ambalo mawakala wanaume hawalisemi: hedhi ya miaka ya kukaribia kukoma. Msichana huhesabu siku zake akachagua tarehe ya safari. Mwanamke wa miaka 48 hana tarehe. Anaweza kukaa miezi 3 bila kuona kitu, akaona damu ndani ya ndege.

Kutufu, yaani kuizunguka Kaaba, kunataka tohara, ule usafi wa kidini. Damu ikitoka umeshahirimia (umenuia Umra) na hujatufu, unabaki ndani ya ihramu mpaka utoharike. Ndiyo maana kifurushi cha usiku 3 Makka ni hatari kwa umri huu. Chukua usiku 8 au zaidi, na utanguliwe na Madina, ili damu ikija siku za mwanzo ikukute bado hujahirimia. Kabla ya kuondoka, mwalimu wako akufundishe kuweka sharti katika nia (kwamba ukizuiwa, utatoka katika ihramu papo hapo), kama Mtume (s.a.w.) alivyomfundisha Dhubaa binti Zubeir aliyekuwa akihofia maradhi. Ni maneno machache, nayo yanamwokoa mtu ambaye ndege yake haimngoji.

Ikianza baada ya kumaliza kutufu, usirudi hotelini ukilia. Sai, mwendo wa kati ya Swafa na Marwa, haihitaji tohara: endelea nayo, kata nywele, umemaliza. Ikivuka siku 15, kwa madhehebu yetu ya Shafi umeingia hukumu ya istihadha (damu isiyo ya hedhi). Hapo utasafisha, utaweka pedi, utatia udhu na kutufu. Hesabu ya siku zako muulize mwalimu wakati bado uko kwenu, si katikati ya umati.

Na vidonge vya kuzuia hedhi, norethisteroni, huanzwa siku 3 kabla ya hedhi kuja. Mzunguko ukishavurugika, siku hizo 3 utazijuaje? Muone daktari miezi 2 kabla, umweleze presha yako, na kama damu imewahi kukuganda mguuni au kifuani. Usiazime vya shoga yako. Aliyekwisha kukaa mwaka mzima bila hedhi kisha akaona damu, hiyo si ya kuzuiliwa kwa kidonge, ni ya kuchunguzwa hospitali kabla ya safari.

Nesi Mstaafu
Ahsante Binti Kisauni. Naongeza dawa na miguu.

Dawa za presha na sukari zikae begi la mkononi zote, na ziada ya wiki 2. Insulini usiitie kwenye sanduku la chini ya ndege, inaweza kuganda kwa baridi ikaharibika bila wewe kujua. Ziwe kwenye maboksi yake ya dukani, na barua ya daktari kwa Kiingereza yenye jina la dawa yenyewe, si jina la kampuni tu. Tramadoli, kodeini, diazepamu na pregabalini ni dawa zinazodhibitiwa Saudia. Wengi wetu tunapewa kwa ajili ya mgongo na magoti tukaziona za kawaida. Omba daktari akubadilishie, au uombe kibali mapema. Saa za dawa kwa anayetoka Dar, Mombasa au Kampala hazibadiliki, Makka ni saa ileile. Wa Bujumbura na Goma wasogeze saa 1.

Miguu: sai peke yake inakaribia kilomita 3, na kutufu ghorofa ya juu ni duara refu mara kadhaa kuliko uwanjani karibu na Kaaba. Mwezi mmoja kabla, tembea kila siku dakika 40 hadi 60 kwenye sakafu ngumu. Mwanamke anaruhusiwa soksi katika ihramu, kwa hiyo vaa zenye vifundo vya mpira chini ili usiteleze. Soksi zina faida nyingine kwetu Mashafi: kukanyagana na wanaume hakukugusishi ngozi, udhu unabaki. Glavu ndizo haziruhusiwi, basi chagua baibui yenye mikono mirefu. Mwenye sukari asitembee peku kwenye viwanja vya nje mchana. Marumaru ya mataf (uwanja wa kutufia) ni ya baridi hata juani, ya nje usiitegemee, na mguu uliokufa ganzi hauwezi kukwambia kwamba unaungua.

Mkojo. Wengi wanaacha kunywa maji ili wasitoke kwenye safu, wanaishia kuzirai. Vyoo viko nje ya msikiti, chini kwa ngazi, na kwenda na kurudi na kupata nafasi tena kwaweza kula nusu saa. Kunywa kidogokidogo, nenda choo saa nzima kabla ya adhana, vaa pedi ya mkojo (ya hedhi hainyonyi mkojo vizuri). Ambaye mkojo humvuja pasipo hiari ana hukumu kama ya mwenye istihadha: anatia udhu baada ya wakati wa sala kuingia.

Bi Mkunazini
Pedi, sabuni na vitambaa vya kupangusia viwe visivyo na manukato. Ukishahirimia, harufu nzuri ni marufuku, na vingi vya dukani vina harufu. Nunua kwenu, weka kwenye mfuko wa peke yake.

Mpanga Safari
Hoteli. Ukiambiwa "mita 400 kutoka Haram" (Msikiti Mtukufu wa Makka) uliza: kutoka mlango upi, na njia ina mlima? Makka ni mji wa milima. Mtaa wa Ibrahim Khalil, upande wa Misfala, ni tambarare kuliko mtaa wa Ajyad. Mtaa wa Aziziya, ulio mbali, ni bei rahisi, lakini utaishi kwa ratiba ya basi, na goti lako halitaki kungoja basi limesimama. Uliza pia kama bafu lina ukingo wa kuruka. Wanaoanguka huangukia pale, alfajiri, sakafu ikiwa na maji.

Kwa kuwa uko peke yako, wakala atakutia chumba cha wanawake 4 usiowajua. Si vibaya, hata kama wanakoroma, ila omba kitanda kilicho karibu na choo, na iandikwe kwenye risiti.

Treni ya Haramain, ile ya kwenda Makka na Madina, pale uwanja wa ndege wa Jedda inatokea Jengo namba 1. Ndege yako ikishusha jengo la mahujaji au la kaskazini, kuna mwendo wa gari kabla ya kufika kituoni, kwa hiyo acha saa 4 kati ya kutua na treni. Kituo cha Makka kiko Rusayfa, si mlangoni mwa Haram, utahitaji teksi tena. Anayetoka Madina kwa treni ajue haisimami Abyar Ali, mikati (mahali pa kuhirimia) ya wanaotoka Madina: koga hotelini, vaa, na unuie kabla haijaivuka mikati.

Rawdha, ile sehemu tukufu ndani ya Msikiti wa Mtume Madina, huingiliwa kwa kibali cha programu ya Nusuk, na saa za wanawake si za wanaume. Omba mara tu viza inapotoka. Simu iwe na chaji na betri ya akiba, kwa sababu pale mlangoni simu ndiyo tiketi.

Zawadi wa Leicester
Walio na pasipoti ya Uingereza au Marekani wanaweza kuingia kwa viza ya utalii wakafanya Umra, ila si Hija. Na msimu wa Hija ukikaribia, Makka hufungwa kwa asiye na kibali cha Hija. Usikate tikiti ya miezi hiyo.

Mwanahamisi
Swali dada zangu: nikipotea Haram peke yangu?

Mpanga Safari
Milango ina namba. Chagua mmoja, uingie na kutoka huohuo siku zote: wa Mfalme Abdulaziz ni 1, wa Mfalme Fahd ni 79. Piga picha ya namba, na ya kadi ya hoteli yenye Kiarabu. Dharura piga 911, gari la wagonjwa 997.

Mama Kiungani
Na Zamzam, usiitie kwenye sanduku, wataitoa. Nunua boksi la lita 5 lililofungwa, pale uwanja wa ndege, ukiwa na pasipoti mkononi. Lina uzito wa zaidi ya kilo 5. Omba kijana alipandishe yeye.